Kompyuta ya Mama Mdogo Ilivyoachwa

Neno lenyewe lilitoka kinywani mwangu, na nililitoa nikicheka.

Wakati huo nilikuwa nakaa Kibiti kwa mama mdogo, anayemfuata mama yangu, tumbo moja. Nilimaliza darasa la saba kwetu Mbwara, sikuchaguliwa kuingia sekondari, nikakaa misimu miwili juu ya dungu nikifukuza ndege kwenye mpunga. Huko juu mtu unapata muda wa kuota kila kitu. Nilishaota nimekuwa rubani, nimekuwa mtangazaji, nimekuwa mke wa mtangazaji. Siku moja mama mdogo akaja kutusalimu, akaniangalia ninavyosuka ukili wa mkeka, akamwambia mama, "Dada, huyu mtoto ana vidole vyepesi. Nipe nikamfundishe kuchapa." Mama akanipa, kama mtu anavyotoa kuku aliyemchoka, na mimi nikaondoka nikiimba.

Mama mdogo alikuwa na duka la steshenari kando ya barabara kuu ya Lindi. Kuchapa alijifunza Dar es Salaam, alikokuwa ameolewa. Mumewe alimwacha kwa barua, talaka ndani ya bahasha ya kaki, na yeye akarudi kwao Kibiti na sanduku moja la nguo. Baada ya mwaka akaenda tena Dar, akarudi ameipakata kompyuta kwenye basi, hakukubali iwekwe juu wala chini ya kiti. Haikuwa mpya. Ilikuwa kubwa, rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake pana herufi za jina la kampuni. Mama mdogo alizisugua herufi zile kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. "Hii," alikuwa akiwaambia wateja, "ni ya wale wenyewe walioanza. Hizi nyingine zinaiga." Wateja wakatikisa kichwa kwa heshima, hata wasiojua kusoma.

Umeme tuliuvuta kutoka kwenye jenereta ya jirani mchomeleaji vyuma, kwa hiyo tulichapa pale anapochomelea yeye. Tulichapa barua za maombi ya kazi, viapo vya kuzaliwa, katiba za vikundi vya wakulima, maana miaka ile kila watu watano walikuwa kikundi na kila kikundi kilitaka mfadhili. Lakini kazi iliyolisha nyumba ni kadi za harusi. Mpunga ukishaingia ndani, kabla ya Ramadhani, Kibiti ilikuwa inaozesha kama vile kesho hakuna. Mama mdogo alikuwa na maua yake aliyoyahifadhi humo ndani ya mashine, ya kupamba pembe nne za kadi, na ua moja alilolipa jina la asumini. Alinifundisha kupanga majina: la bibi harusi linakaa sawasawa na la bwana harusi, hakuna la juu wala la chini.

Mimi nilikuwa nimeshapanga. Nikishajua vizuri ningefungua shule ya kuchapa, wasichana kumi, wote wasiochaguliwa. Nilishawapangia hata mahali pa kukaa, yule mwenye kikohozi karibu na dirisha.

Sasa, jirani yetu wa upande wa pili alikuwa fundi baiskeli, mtu wa utani ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Siku hiyo alikuwa ameagiza mnyororo kutoka Dar, ukaja umefungwa kwenye gazeti. Akalikunjua, akaliangalia, akaniita.

"Binti, njoo unisomee. Haya maandishi si ndiyo yale yaliyo kwenye mashine yenu?"

Yalikuwa ndiyo. Gazeti lilikuwa la zamani, lina grisi, lakini habari ilisomeka. Iliandikwa kwamba kampuni ile imejiondoa katika biashara ya kompyuta za watu binafsi, na kwamba kitengo hicho kimeuzwa kwa kampuni ya nchi nyingine. Pale kwa fundi palikuwa na watu sita, saba hivi, wanasubiri baiskeli zao. Nami napenda kusikilizwa, nisikufiche. Nikalisoma kimyakimya, kisha nikawafupishia.

"Wanasema kampuni imeziacha kompyuta."

"Imeziacha?" fundi akasema. "Kwa talaka ngapi?"

Wakacheka. Nami nikaona hapa ndipo pangu.

"Tatu," nikasema. "Hakuna kurejea."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha pampu. Nilirudi dukani nimefurahi, kama mtu aliyepigiwa makofi.

Siku mbili zilitosha neno kuenea. Wa kwanza alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima, ambaye alikuja na faili lake kwapani na kuuliza kama barua tulizomchapia mwaka jana bado zinafaa, au zimekwisha nguvu kama noti za zamani zilivyokwisha. Mama mdogo akamwambia barua ni barua. Akaitikia, akaondoka, na tukasikia amezipeleka kuchapwa upya kule stendi, ambako palikuwa na mashine mpya yenye jina jingine. Mwalimu mmoja akasema vipuri vitapotea sokoni, tutakuja kuitumia kuhifadhia vitunguu. Mwingine alikuwa na hoja yake: mtu haachi biashara hivihivi, ukiona ameacha ujue kuna kitu amekiona. Wengine hawakuwa na hoja. Walipita tu, wakachungulia, wakauliza, "Ndiyo hii iliyoachwa?" kama wanaomwangalia mgonjwa.

Mama mdogo mwanzoni alikuwa akisema, "Waache. Inachapa, haichapi?" Namjibu inachapa. "Basi."

Kisha akaja shoga yake.

Huyu mama walikua pamoja, wakachezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja, na siku mama mdogo aliporudi kutoka Dar na lile sanduku ndiye aliyekwenda barabarani kumpokea. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Majina tulikuwa nayo tayari, yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mama mdogo alikuwa amemtengea ua la asumini.

Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, ameshika ncha ya kanga.

"Shoga, ile karatasi ya majina bado unayo?"

"Ninayo. Kesho nakuletea kadi moja uitazame."

"Naomba unirudishie kwanza."

Mama mdogo akafikiri kuna jina limekosewa. Akaitoa kwenye droo, akachukua na kalamu. "Wapi tumekosea?"

"Hamjakosea. Tutachapisha stendi."

Jenereta ilikuwa inanguruma, nikatamani ingurume zaidi nisisikie.

"Si wewe, shoga," yule mama akasema. "Usije ukadhani ni wewe. Ni mashine. Mwanangu ndiyo kwanza anaingia ndani, jina lake likatoke kwenye kitu kilichoachwa kwa tatu? Watu watanisemaje?"

"Mashine haina mume."

"Najua haina."

"Sasa?"

"Najua, shoga. Lakini nirudishie."

Mama mdogo akaikunja karatasi mara mbili, vizuri, kingo juu ya kingo, akampa kwa mikono miwili.

Kwetu bibi harusi akisingwa, akisuguliwa manukato mwili mzima kabla ya harusi, anayemsinga huchaguliwa. Awe mwanamke aliye ndani ya ndoa yake, iliyotulia. Aliyeachwa halisogelei bakuli la singo. Hakuna anayemfukuza, ila mwenyewe anajua, anakwenda zake kwenye mawe matatu kukoroga sufuria. Mama mdogo alikuwa amekoroga sufuria kwenye harusi zote za ukoo tangu aliporudi, na sijamsikia akinung'unika. Lakini kadi zilikuwa zake. Kila bibi harusi wa Kibiti aliyeandikwa jina, jina lake lilipita kwenye vidole vya mama mdogo, na hakuna aliyewahi kuona ubaya. Labda hawakuwa wamefikiria. Mimi ndiye niliyewafikirisha.

Kesho yake nikaenda kwa yule mama bila kuaga. Nilikuta wanawake uani wanapepeta mchele. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikatoa lile gazeti lenye grisi nililoliomba kwa fundi.

"Mama, mimi nilikosea kusoma. Haikuachwa. Ile kazi ya kutengeneza kompyuta imeuzwa kwa kampuni nyingine, na zinaendelea kutengenezwa kama kawaida."

"Kwa hiyo imepata mume mwingine," akasema mmoja bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Haya, na eda imekaa?" akauliza mwenzake.

Ua mzima ukacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nusura nicheke nao, maana lilikuwa swali zuri na gazeti halikulijibu. Yule mama peke yake hakucheka. Akanishika mkono tukaenda nyuma ya jiko.

"Mwanangu, mama yako mdogo nampenda. Unajua nampenda?"

"Najua, mama."

"Hata mimi naona ni upuuzi. Ila binti ninaye mmoja. Ndoa yake ikija kuyumba, hata miaka kumi ijayo, nitaikumbuka ile kadi. Nitamchukia shoga yangu bure. Bora aninunie sasa."

Alinifungia mchele kwenye kitambaa nimpelekee mama mdogo, nikaupokea.

Mama mdogo hakuuliza nilikotoka. Aliumwaga mchele kwenye sinia akaanza kuuchagua mawe. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yote, la talaka ngapi, la tatu, la hakuna kurejea. Nililia kabla sijafika katikati.

"Nilisikia," akasema. "Siku hiyohiyo. Nilikuwa humu ndani nakata karatasi."

"Mbona hukunisema?"

"Ulikuwa na furaha sana." Akatupa jiwe moja nje. "Halafu nilicheka na mimi. Ilichekesha."

Angenipiga ingekuwa nafuu. Niliinama kwenye sinia nikachagua mawe naye, na machozi yakawa yanadondokea mchele wa watu.

Msimu ule ukapita wote hivyo. Harusi baada ya harusi, na kadi zote stendi. Fundi baiskeli naye roho ilimsuta. Akaja akasema anataka tangazo la kubandika kibandani kwake. Tuandike nini, mama mdogo akamuuliza. "Andika: Fundi baiskeli yupo." Na kila mtu Kibiti alijua yupo, maana alikuwa anasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Tukamchapia, kwa ua la asumini. Akalibandika, hakuweza kulisoma, akawa kila mteja anamwambia amsomee.

Kadi ya shoga ilitufikia kama walivyofikiwa wengine. Mama mdogo akaisogeza mwangani, akaitazama mbele na nyuma. Nilidhani atasema neno zito. Akasema, "Hawakuacha nafasi baada ya mkato. Na jina la mtoto wamelishusha chini ya la mwanamume." Akaiweka kwenye droo. Siku ya harusi tukaenda wote wawili, akakoroga pilau, na yule mama alimjia jikoni mara tatu kumfuta jasho kwa kanga yake mwenyewe. Nilikuwa naosha sahani, niliona mara zote tatu.

Ramadhani ilipokaribia, mchomeleaji akaomba tumwachie waya wake kama hatuutumii. Ndipo mama mdogo alipotuma maneno kwa watu wa barabarani kwamba mashine inauzwa. Nilimsihi. Nikamwambia watu watasahau, mwakani watakuja. Akaniambia, "Watasahau mashine. Lakini imeshawakumbusha talaka yangu." Mimi mwenyewe alikuwa ameniombea nafasi kwa fundi cherehani mmoja Mchukwi, karibu na hospitali, nikashone naye sare. Vidole ni vilevile, alisema.

Aliyekuja kuichukua alitoka Nyamwage, mfanyabiashara wa mbao, amevaa kofia ya kiua. Alikuja na pikapu. Akaiwasha, akachapa jina lake kwa kidole kimoja, likatoka kwenye printa, akalitazama kwa mapenzi. Akaizunguka mashine nyuma na mbele kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ina tatizo gani, mama?"

"Haina tatizo."

"Hakuna mtu anauza kitu kizima. Niambie tu."

Mama mdogo alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye kanga, anapitisha ncha chini ya kibodi. "Imeachwa," akasema.

Yule mtu hakuwa wa Kibiti, habari zetu hazikumfikia. Akaacha kufungua noti zake, akaingiwa na wasiwasi.

"Imeachwa na nani? Mimi sitaki kesi. Mwenyewe asije akaifuata kwangu."

Mama mdogo akakaza fundo, akalijaribu kwa kidole kama limeshika.

"Haji," akasema. "Nenda nayo tu, baba. Huyo haji."

Tukaibeba wote watatu mpaka kwenye pikapu. Mama mdogo akarudi dukani akaanza kukunja kitambaa cha meza, na mimi nikabaki barabarani, sijui kwa nini, nikimwelekeza yule mtu namna ya kugeuza gari.