Mchunga Mbuzi Aliyekataa Maji Yangu

Nakumbuka mchana niliposema tulale bondeni, mwanangu, na laiti ulimi wangu ungekuwa mzito. Nasikia wewe na wenzako mnapanga kwenda jangwani na mahema. Keti kwanza.

Kiwanda nilichofanyia kazi kule mtaa wa Jacobs kilikuwa kimefungwa kwa Krismasi. Mimi na mdogo wangu Bahati, wageni wa miaka miwili hapa Durban, tuliazima gari tukaenda hadi nyika kavu za bara, kwenye ardhi ya serikali ambako mtu hupiga hema popote bila kulipa. Bahati alichagua mwinuko ulio wazi. Nikakataa. Tulipokimbia Kongo, aliyelala pa wazi ndiye aliyepatikana kwanza, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaelekeza chini, kwenye mchanga mweupe kati ya kingo mbili, tusionekane.

"Yaya, huku nani atakutafuta? Mijusi?" Bahati alicheka, akiniita yaya kama kwetu Kongo tunavyomwita ndugu mkubwa, lakini alinitii.

Tukiwa tunasimika hema, alifika mzee mchunga mbuzi. Kiswahili hakujua, na Kizulu changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Alionyesha mchanga akasema, "Amanzi." Maji. Nikampa chupa. Akaisukuma, akarudia, "Amanzi!" huku akionyesha matawi ya miiba juu ya vichwa vyetu, yaliyonasa nyasi kavu.

"Pengine anataka soda, yaya."

Sikucheka. Mtu wa jangwani akatae maji? Huyu anapeleleza mizigo yetu. Zile nyasi nazo nikazidhania alama ya wezi wenzake. Nikamfukuza.

Asubuhi, mbingu ikiwa safi, nilipanda ukingoni nione kama mzee anatuvizia. Nikasikia mngurumo kama wa malori, kisha maji ya tope yakajaza bonde lote. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Mchanga ule ulikuwa mto, na nyasi zile ziliachwa na mafuriko ya zamani. Bahati alikuwa bado hemani.

Mzee yuleyule ndiye aliyenisaidia kumtafuta, siku mbili.

Mwanangu, sikuambii umwamini kila mtu; hata mimi hadi leo siwezi. Lakini ukifika ardhi ya bure, muulize anayeishi hapo, na usipoelewa neno lake, fuata kidole chake. Mimi nilichunguza mkono wa mzee, nisiangalie ulikoelekea. Usilale kwenye mchanga wa mto, hata kama hujaona tone.

Mungu akutangulie, akulaze pakavu, akurudishe kwa mama yako. Mimi nilirudi peke yangu. Tulivuka vita pamoja, kisha nikampoteza mdogo wangu kwa kuchagua mahali pa kulala.