Leso Nyeupe na Mkia wa Supapu

Leso nyeupe hunitia kichefuchefu mpaka leo. Siku ya harusi ya binti yetu mke wangu alinitia moja mfukoni, nikaitoa nikaitupa nje ya ua mbele ya wageni, na wakwe wakadhani nimepandwa na wazimu. Sikuwalaumu. Wao hawakufanya kazi katika gereji ya kampuni ya pamba pale Kasongo, zama za Wabelgiji.

Mkubwa wa gereji alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana, basi. Hakuwa na desturi ya kusikiliza injini. Tukimaliza kazi alikuja na leso yake, akaikunjua, akaipitisha juu ya vyuma, kisha akaitazama mwangani. Ikitoka nyeupe, kazi ni njema. Ikitoka na doa, lori linarudishwa ndani na fundi anakwenda kufyeka majani ya uwanja mpaka jua lizame. Tukajifunza kusugua kuliko kutengeneza. Niliona watu wazima, mafundi wenye akili mikononi, wakiosha kwa mafuta ya taa nati ambazo hawakuzikaza. Na mimi nilikuwamo, sijitoi. Vipimo na kitabu cha injini vilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa mfukoni mwa Bwana. Yeye anapima, sisi tunakaza.

Ikaletwa injini ya lori la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliyekuwa akichukua pamba Kabambare na kuileta Kasongo. Supapu za injini ile, yaani vile vizibo vya chuma vinavyofungua na kufunga njia ya hewa na moshi, zilikaa juu, mikia yao ikitazama mbinguni. Kutoka chini zilipanda fito nyembamba za chuma. Fito husukuma ncha moja ya kipande tulichokiita kilbiteri, nacho hubinuka, na ncha yake ya pili hubonyeza mkia wa supapu. Hakuna uchawi hapo. Sharti ni moja, ncha ikanyage katikati ya mkia. Mwanamke yeyote wa Kasongo anayetwanga mpunga analijua hilo: mchi ukipiga ukingo kila siku, kinu kitapasuka.

Supapu zile zilikuwa zimesagwa mara nyingi mno kwa miaka, zikazama katika vikalio vyao, na mikia ikachomoza juu kuliko ilivyotoka kiwandani. Fito mpya zilipofika, Bwana alilaza mmoja kando ya ule wa zamani, akapima, zikalingana. "Sawasawa," akasema, akafunga kabati. Sawasawa na nini? Na ufito wa zamani, ambao wenyewe ulikuwa haufai tena!

Sikuwa na kipimo, nilikuwa na masizi ya taa. Nilipaka mkia wa kila supapu, nikafunga vilbiteri, nikaizungusha injini kwa mkono mara mbili tatu, nikafungua tena. Masizi yalikuwa yamefutika ukingoni kabisa, katikati hayakuguswa. Maana yake kila pigo lilikuwa linausukuma mkia ubavuni badala ya kuushindilia chini. Nikakata vipande vya bati, nikavitia chini ya miguu ya vilbiteri ili viinuke, mpaka alama ikaja katikati. Lakini sasa fito zilikuwa fupi. Nikaukata ufito mmoja mbovu vipande viwili, nikaviunga kwa skrubu ili niweze kuurefusha na kuufupisha, nikapimia huo. Upungufu ulikuwa unene wa punje ya mchele, zaidi kidogo. Nyuma ya gereji lilikuwapo lori lililokufa lenye fito ndefu. Kuzikata zifae ni kazi ya siku moja.

Nikamwita kapita, msimamizi wetu, mtu wa kwetu. Aliinama, akatazama, akaizungusha injini mwenyewe. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alielewa upesi kuliko nilivyoeleza.

"Iko kweli," alisema. "Hizi fito ziko fupi."

"Basi tumwambie Bwana."

"Tumwambie nini? Kama yeye alipima mubaya? Weye utamwambia?"

"Shemeji yangu ndiye atapanda nayo milima ya Kabambare."

"Mwenye nguvu mupishe, ndugu. Anakunywa kahawa, saa hii anakuya. Toa ile bati. Na ile masizi, pangusa!"

Nikatoa bati. Nikarudisha fito za Bwana, nikakaza. Kisha nikapangusa masizi, mkia mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wa shati langu mwenyewe, vizuri, hata kwenye pembe ambako jicho lisingefika. Nani alinishika mkono? Hakuna. Ningeacha doa moja tu, doa moja la ukubwa wa kucha, lori lisingetoka siku ile. Mimi ningefyeka majani, na kesho yake ningekuwa na siku nzima ya kukata fito.

Bwana akaja, akapitisha leso. Nyeupe. "Safi," akasema, na kapita akachekelea mpaka magego yakaonekana, kama mtu aliyepata mtoto wa kiume nyumbani kwake. Shemeji naye alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, gari iko muzuri?"

"Iko muzuri," nikajibu.

Injini ilimfia kwenye kilima karibu na Wamaza akirudi na mzigo. Lori likarudi nyuma, akalikita ukingoni mwa barabara kwa ustadi wake, hakuna aliyekufa, lakini marobota ya pamba yakalala matopeni. Pamba ya kampuni matopeni lazima iwe na mkosaji. Kapita aliulizwa, akasema dereva aliikimbiza injini kwa fujo. Nilipotumwa kwenda kutengeneza, kipande cha mwisho kwa miguu, shemeji alikuwa amekwisha kupelekwa Kabambare, amekwisha kulazwa chini na kupigwa fimbo.

Nilifungua kifuniko cha injini palepale kilimani. Mkia wa supapu ulikuwa umeliwa upande mmoja, supapu yenyewe imekwama katika tundu lake, na ufito umepinda. Nilijua nitakachokiona. Kisha nikatoa mfukoni fito za lile lori lililokufa, zimekatwa kwa urefu unaofaa, nilizoziandaa kwa siri kabla ya safari, vile vipande vya bati, na supapu nzima ya kubadilishia ile iliyoliwa. Jioni lori lilipanda kile kilima bila kukohoa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Tulipofika Kasongo, Bwana alitoa leso yake.

Shemeji aliporudi, dada yangu alipika wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaniita. Tulizoea kula sahani moja, shemeji na mimi, tangu alipomuoa. Alikuwa hawezi kuegemea ukuta, alikaa kaegemea mbele kama mwenye kuumwa tumbo. Dada akapita na birika, akatumiminia maji, tukanawa. Kabla sijanyosha mkono, shemeji akaniuliza.

"Weye ndiye ulifunga ile injini. Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, ndiyo maana sikuweza.

"Nilijua. Ilikuwa na alama. Nilipangusa."

Dada akasimama na birika mkononi, hakwenda mbele wala nyuma. Shemeji alinitazama vidole, kimoja kimoja, halafu akaivuta sahani upande wake taratibu.

"Nawa, shemeji," akasema.

Mikono yangu ilikuwa bado inachuruzika maji.