Mtoto Aliyefundishwa Asiitike

Wenceslas ungemwita mpaka koo likauke, asigeuke. Hakuwa kiziwi. Mama yake ndiye aliyemfundisha, na sisi majirani, kwa upumbavu wetu, tulikaa pembeni tukicheka.

Mama huyo aliitwa Émerence. Alizaliwa Kamina mjini, kwenye ukoo wa wakulima waliokuwa Wakatoliki tangu enzi za mababu, akaolewa na sajini mmoja aitwaye Bokungu, kutoka jimbo la Equateur, aliyekuwa akitumikia kwenye base, kambi ya jeshi. Mume wangu naye alikuwa askari, kwa hiyo mimi na Émerence tuliishi ua mmoja, tukitumia bomba moja la maji. Mimi nilikuwa na binti yangu Mwadi mgongoni. Yeye alikuwa na mtoto wake wa pekee, aliyebatizwa Wenceslas kwa sababu alizaliwa karibu na sikukuu ya mtakatifu huyo, na padri hakuona sababu ya kutafuta jina mbali.

Kisha redio ikatangaza kwamba majina ya Kizungu yamekwisha. Kila Mzaire achukue jina la mababu, na padri atakayebatiza kwa jina lingine atajibu mbele ya sheria. Émerence akawa Kabedi kwenye kitambulisho. Mimi, Noémie, nikapewa jina la bibi yangu, na mpaka leo ukiniita kwa jina hilo nadhani unamwita mtu aliye nyuma yangu. Mtoto akawa Banza, jina la babu yake Émerence aliyekuwa mvuvi kule Malemba-Nkulu. Sisi wakubwa tulilikunja jina la zamani tukalificha chini ya sanduku, tukavaa jipya, maisha yakaendelea. Lakini mtoto wa miaka minne anaficha wapi jina lake?

Bokungu alikuwa mwoga, na simlaumu, kwa kuwa kambini woga ulikuwa sehemu ya mshahara. Mwenzake mmoja alisikika sokoni akimwita mwanawe kwa jina la ubatizo. Wakubwa wakamhoji siku nzima, na cheo alichokuwa akikingoja hakikuja tena.

"Kama huyu mutoto ataitika ile jina mbele ya bantu," Bokungu alimwambia mkewe, akijigonga kifua, "njo minyi batafunga. Umufundishe."

Émerence akamfundisha. Alikuwa akitwanga mihogo, bila kuinua uso anaita kwa sauti ya chini, "Wenceslas." Mtoto akigeuka, hapati kitu. Asipogeuka, anapewa karanga za kukaanga. Kisha anaita, "Banza," na mtoto anakuja mbio, "Mama!" Haukupita muda mrefu akawa hodari kuliko askari wa lindo. Anasimama wima, mabega yanatikisika kwa kicheko alichokibana, lakini kichwa hakigeuki. Mimi mwenyewe nilimjaribu mara nyingi pale bombani, na kila mara nilishindwa. Alichofanya ni kumtafuta mama yake kwa jicho la pembeni, kumuuliza kama mchezo umekwisha. Émerence akishusha kidevu mara moja, taratibu, hiyo ndiyo ruhusa. Hapo mtoto anageuka na kuitika kwa nguvu zote. Asiposhusha kidevu, hata ungemwita kwa tarumbeta ingekuwa bure.

Alipokuwa na miaka sita, surua ilipita kambini. Kwa Mwadi wangu iliishia kwenye ngozi. Kwa yule mtoto iliingia kifuani, na muuguzi akatoa dawa aliyokuwa nayo, nayo haikutosha. Padri alikuwa vijijini, basi alikuja katekista, Amédée, mzee mpole aliyembeba mtoto yule siku ya ubatizo. Ilikuwa mchana, jua kali. Ndani ya chumba alikuwemo pia Mwila, mjumbe wa chama tawala kambini kwetu, aliyeleta kopo la maziwa. Alikuja kwa moyo mzuri. Kama angekuja kwa ubaya, pengine leo ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Amédée alipiga magoti kando ya kitanda. Hakujua lolote kuhusu mchezo wetu. Akainama, akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Wenceslas, mutoto yangu. Unaamini mu Mungu Baba?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya maji, nikiona kisogo cha mtoto na mgongo wa katekista tu. Mtoto hakujibu. Amédée akauliza tena, akangoja, kisha akasali yeye mwenyewe kwa niaba yake. Nilidhani ni homa. Kabla jua halijashuka, yule mtoto alikuwa amekufa.

Tulimzika Kamina mjini, upande wa makaburi wanakolala wakwe wa Bokungu. Msalaba uliandikwa Banza kwa rangi nyeusi, kama sheria ilivyotaka. Émerence alilia kama mama yeyote anavyolia, na wanawake tulimshika mikono asijitupe. Amédée akataka kumfariji. Akasema roho ya mtoto imekwenda kwa Mungu, na mwili umelala tu. Siku ya mwisho Bwana atapita makaburini na kuwaita wafu mmoja mmoja kwa jina, kama alivyomwita Lazaro, nao watatoka.

Émerence akaacha kulia.

"Baba Katekista," alisema, "atamwita jina gani?"

Amédée akatazama kushoto na kulia kwanza. "Jina ya ubatizo, mama. Mungu haombe kitambulisho."

"Na kama haitike?"

"Bote balikufa bataitika."

"Ule hataitika," Émerence akasema. "Minyi njo nilimufundisha."

Watu wakasema ni uchungu unaosema. Mimi nilijua kwamba haukuwa uchungu peke yake, maana nilikuwa nimemwona mtoto yule akisimama bombani, na nilijua alivyokuwa mtiifu.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa Émerence alikwenda makaburini. Alikaa karibu na msalaba, anaita, "Wenceslas," kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula. Halafu anangoja. Alikuwa akimfundisha upya. Alikuwa akileta hata karanga. Watu wakaanza kusema Mama Banza analisha mizimu, na wengine wakaapa kwamba wamesikia kitu kikicheka kwenye nyasi. Kamina watu hawakosi cha kusikia. Lakini ninakiri kwamba njia ile sikuipita peke yangu.

Siku moja nilimsindikiza ili nimtoe kwenye mawazo hayo, nikiwa nimejaa maneno ya busara tangu nyumbani. Akaita. Upepo ulikuwa umetulia, hata ndege hakuna. Kuna ukimya wa mahali pasipo na mtu, kila mmoja anaujua. Ule haukuwa huo. Ule ulikuwa ukimya wa mtu anayejizuia. Maneno yangu yote ya busara nikarudi nayo nyumbani kama nilivyokwenda nayo.

Émerence akamuuliza padri kama mwanawe ataitika. Padri alikuwa mtu mwema, akamwambia Mungu anawajua walio wake, kwamba roho haina masikio ya kufundishwa vibaya, na ufufuo ni kazi ya Mungu wala si ya mtoto. Nadhani alisema kweli. Émerence alimshukuru kwa heshima, na Jumapili iliyofuata akarudi makaburini.

Kwao walikuwa na dawa nyingine. Mke wa kaka yake alijifungua mtoto wa kiume, na shangazi zao wakaona ni wazi: kwa Waluba aliyekufa hurudi katika mtoto mpya, basi apewe jina la Banza na mambo yaishe. Walimwita Émerence aje ampokee mwanawe aliyerudi. Alimtazama mtoto kwa muda, akamfunika vizuri, akakataa.

"Mutoto iko muzuri, mumupe jina ingine," alisema. "Kama Banza amerudi hapa, kule mu udongo kumebaki nani? Bwana akipita, ataita nani?"

"Unakatala mutoto yako?" shangazi mmoja akamuuliza.

"Mutoto yangu haiyarudi bado, mama. Minyi njo niko namungoja."

Waligombana vibaya sana. Kwa miaka mingi ukoo haukumwita kwenye harusi wala kwenye kilio.

Kisha Bokungu akahamishwa Bas-Zaïre, jimbo la mbali la pwani. Lori likaja, masanduku yakapakiwa, na Émerence akakaa kizingitini. Bokungu alimbembeleza, akakasirika, akabembeleza tena, yule mwanamume mkubwa, hadi nikaona aibu kuwa pale. "Siku ile bataita, nitakuwa wapi? Nani atamwambia aitike?" Hayo tu ndiyo aliyosema. Bokungu alipanda lori peke yake. Baadaye tukasikia ameoa huko. Émerence akahamia mjini, akapanga chumba karibu na makaburi, akawa anauza samaki wakavu sokoni. Akazeeka mapema. Hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa mbali na mtoto, na aliniapisha zaidi ya mara moja kwamba nitawazuia watakaotaka kumlaza pengine.

Mwaka ule mambo ya chama yalipolegea na majina yakarudishwa, Kamina ilijaa vicheko. Watu waliitana Gaston, Ézéchiel, Noémie, kama watu waliokutana baada ya safari ndefu. Mimi nikaanza tena kumwita Émerence "Mama Wenceslas", kama kabla ya sheria. Mwezi wa kumi na moja, katika misa ya marehemu, padri alisoma majina ya wafu wa parokia kwa majina yao ya ubatizo. Alipofika kwa Wenceslas, Émerence alisimama peke yake katikati ya kanisa lote, shingo ameinyoosha, akisikiliza. Padri akaendelea na majina mengine. Yeye alibaki amesimama mpaka nikamvuta kitenge.

Njiani kurudi, baada ya kupitia sokoni kuchukua beseni lake, ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, wala padri katika kitubio.

"Mama Mwadi, ile siku ya Baba Katekista, weye ulikuwa ku mulango. Haukuona."

"Niliona hakujibu. Ilikuwa homa, dada."

"Haikuwa homa. Alisikia. Baba Katekista alimwita, akaniangalia. Macho yake yalikuwa safi kabisa. Alikuwa nauliza kama aitike." Alisimama barabarani, beseni la samaki tupu kichwani. "Mwila alikuwa pale, na kopo yake ya maziwa. Minyi nikaogopa. Nikaangalia chini. Baba akamwita tena, akaniangalia tena, na minyi nikaangalia tu chini. Basi akanyamaza. Alikufa akinitii."

Nilimpokea beseni, tukatembea. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kila mtu aliyewahi kukaa ofisini na kuamua watoto waitweje, kisha nikajichukia na mimi kwa vicheko vyangu vya bombani.

Aliugua msimu wa mvua uliofuata. Watu wa ukoo wake wakaja, maana kifo kikikaribia watu husahau ugomvi, wakakubali kwamba atalazwa kando ya mwanawe. Alipolisikia hilo alilala usingizi mzuri. Siku ya mwisho ilikuwa mchana, jua limetoka baada ya mvua, mlango uko wazi. Amédée aliletwa ameshikwa mkono, macho yake sasa yalikuwa na ukungu, haoni ila mwanga. Wakamkalisha kando ya kitanda. Mimi nilisimama mguuni mwa kitanda.

"Émerence," alisema kwa sauti ileile, "unaamini mu Mungu Baba?"

Hakujibu. Macho yake yalikuwa yamempita katekista. Nilidhani ananitazama mimi, nikatabasamu, halafu nikaona kwamba hanitazami. Alikuwa akitazama pembeni yangu, upande wa kushoto, chini ya kiuno changu, pale panapofika kichwa cha mtoto wa miaka sita. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeulizwa jambo. Nilihisi kitenge changu kimeguswa, kidogo tu, kama mtoto anavyoshika nguo ya mtu mzima anapongoja.

"Émerence," Amédée akarudia, "unaamini?"

Safari hii hakuangalia chini. Akashusha kidevu mara moja, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya kinu chake. Kidevu hakikuinuka tena.

Chumba kilikuwa kimya, ukimya wa kawaida, wa mahali pasipo na mtu anayejizuia. Amédée alinyoosha mkono hewani kunitafuta.

"Minyi sione," alisema. "Ameitika?"

"Ameitika, Baba," nilimjibu. Kitenge kilikuwa kimeachiwa. Nilikwenda kumfumba macho, na upande wangu wa kushoto sikuutazama.