Salamu Upande wa Vita

Tangu mama yake ahamie naye Nanyuki, mimi na binti yangu tulizungumza vizuri mahali pamoja tu: ndani ya mchezo wa mtandaoni, tukijenga boma na kufukuza fisi wanaoendeshwa na kompyuta. Kisha akachoka na fisi. Akataka tuhamie upande ambako wachezaji huuana wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya kwanza niliweka mkuki chini nikaenda kusalimia kila mtu, kama mgeni anavyofanya akiingia kwa watu huku kijijini kwetu Wamagana. Niliuawa kabla ya kumfikia wa tatu.

"Baba, ati unasalimia! Hii si harusi," alinicheka kwenye vipokea sauti masikioni. "Jifiche kwa nyasi, umpige wa kwanza kupita."

Nina digrii mbili, kwa hiyo hufuata maagizo. Jumamosi nilijificha, nikampiga wa kwanza kupita. Jina la niliyemuua likatokea kwenye skrini: binti yangu, na mzigo wake ukawa wangu. Alikuwa ananiletea ngao.

"Pole sana, mamii," nilimwambia.

"Ni mchezo tu," alijibu kwa adabu, akazima.

Jumamosi iliyofuata hakuingia. Nilimpigia simu, tukaongea juu ya mvua.