Mti wa Kit Mikayi

Mwenzangu wa ofisini bandarini ni mtu wa Nyanza, na tangu tuanze kukaa meza moja hajapata kuchoka kunisifia jiwe la kwao. Kit Mikayi, majabali makubwa yaliyopandana karibu na Kisumu bila ya mkono wa mtu. Mimi mzaliwa wa Kuze, mtaa wa kale hapa pwani, mawe niyajuayo ni ya matumbawe tunayojengea nyumba. Nilimsikiliza na kucheka tu.

Jambo moja lilimkera. Marehemu nyanya yake alimwambia kwamba zamani ubavuni mwa jabali palikuwa na mti mkubwa uliomea kwenye ufa, na wasichana waliotoka kuteka maji wakipumzika kivulini mwake. Kakake alishikilia kwamba nyanya alijitungia. Kila walipokutana, iwe harusini au matangani, ubishi ulikuwa huo huo.

Mwaka jana, alasiri moja, niliingia duka la vitu vya kale nyuma ya Ngome ya Yesu kutafuta fremu ya picha. Mwenye duka alikuwa akipanga kadi za posta za zamani. Nikazipekua kupitisha wakati: meli, twiga, minara. Mara nikaona majabali yaliyopandana.

"Hili si la huko Kisumu?"

"Ndilo, bibiye. Ninazo kadhaa za jiwe hilo. Ngoja nikutolee."

Moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai, nayo ilipigwa kutoka upande ambao sikuuona kwenye zile nyingine. Na pale ubavuni, mti! Matawi yametanda, mizizi imeshuka juu ya jiwe. Nilipiga ukelele hata mzee akaangusha miwani.

"Kuna nini?"

"Mti, mzee! Mti ulikuwapo!"

Nilizichukua zote, nikaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa mwenzangu, mtaa wa Makupa. Nilifika ninahema, mtandio umeniangukia mabegani.

"Hata masalkheri hakuna leo?" akaniuliza mlangoni.

"Tazama kwanza!"

Akatazama. Akaisogeza kadi dirishani, akatazama tena, kisha akaketi sakafuni pale pale, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nyanya hakusema uongo," alisema. "Wallahi, kama msemavyo nyinyi, hakusema uongo!"

Akampigia kakake simu ya video, akaiweka kadi mbele ya kamera.

"Unaona nini hapa?"

"Kit Mikayi."

"Na hapa pembeni?"

Kaka akausogeza uso karibu na simu. "Labda ni doa la wino."

"Doa lina matawi?"

Nilishindwa kujizuia, nikacheka kwa sauti. Naye kule akaanza kucheka. "Haya, nimeshindwa. Njooni nayo tuone huo mti ulisimama wapi."

Tulikwenda kweli, likizo ya Desemba. Nilipofika chini ya yale majabali, niliinua uso juu hata mtandio ukaniteleza. Hakuna kadi iliyonitayarisha kwa ukubwa ule. Kaka alishika kadi mbele ya macho, akawa anarudi kinyumenyume kutafuta aliposimama mpiga picha, mpaka akaingia kwenye shamba la muhogo la watu.

"Hapo! Simama hapo hapo!" tulimpigia kelele.

Ufa tuliuona. Ndani yake mlikuwa na nyasi na kipande cha mzizi mkavu, mweusi. Mwenzangu akapanda, akaushika kwa mikono miwili. Kaka akaja akasimama kando yake, nami nikawapiga picha, tayari wamekwisha anza kubishana mti ule ulikuwa wa aina gani.