Baba Ameenda Kambi

Juzi nilikuta vijana wamesimamisha gari karibu na mto Chania, wamepiga hema, nyama inanukia motoni.

"Shosho, tumekuja kambi," mmoja akaniambia mimi bibi kizee.

Nilikuwa mdogo askari wa mkoloni walipompakia baba kwenye lori. Nilimuuliza mama ameenda wapi.

"Kambi," alijibu, akiinamia maharagwe aliyokuwa akichagua.

Kambi niliyoijua mimi ni ile ya Wazungu waliopiga hema kila Jumamosi pale pale mtoni, na harufu ya nyama yao. Ya seng'enge, ya kufungia watu, sikuijua. Nilinuna kwa kuachwa, nikakunja blanketi langu, nikakaa mlangoni nimngoje aje anichukue.

Mama aliliona blanketi, akaendelea kuchagua maharagwe. Baba hakurudi.

"Karibu nyama, shosho," kijana akasema.

Nikamwambia nimeshiba.