Alichosema Kaka Yangu Kwenye Filamu

Filamu ya maisha ya kaka yangu, mcheza kriketi aliyejulikana mji mzima, ililetwa ionyeshwe mara moja tu, alasiri, katika onyesho la wanawake, kisha irudi Ulaya ilikotengenezwa. Mwenyewe tulikuwa tumeshamzika. Mkewe alikuwa eda, hatoki nje, basi akanituma mimi.

"Wifi, wanasema mle ndani anazungumza. Nishikie kila neno, uniletee."

Nikaenda. Nilimwona anakimbia Mnazi Mmoja na nguo zake nyeupe, watu wanampigia makofi. Halafu uso wake ukajaa pazia zima, akafungua kinywa. Hapo nikajifunika buibui nikalia kwa sauti, na wanawake wa pembeni wakanipokea kilio. Nilipofunua uso alikuwa ameshamaliza.

Ningeweza kumtungia maneno mazuri. Sikutaka kusema uongo, au labda niliogopa tu kuumbuliwa na waliosikia, sijijui vizuri. Nikamwambia kweli, kwamba sikusikia, nilikuwa nalia.

Akanitazama. "Kwani nilikutuma ukalie? Kulia si nnalia hapa hapa?"

Alikuwa na haki, ingawa na mimi marehemu alikuwa kaka yangu. Jirani mmoja alimwambia kwamba marehemu alimtaja mkewe. Mwengine akasema alitaja mpira tu. Wifi hakujua amsadiki nani. Alipotoka eda filamu ilikwishaondoka. Mpaka leo huniuliza, kwa upole, kama nimekumbuka japo neno moja, nami humjibu, "Bado."